Mahakama ilisema nini hasa kuhusu umri wa kuolewa? Kisa cha kifungu cha 13

Tangu Julai 2016, swali la umri wa kuolewa Tanzania Bara limekuwa na majibu mawili yanayogongana, na kila mwenye jibu ana karatasi mkononi. Mmoja ana gazeti: Mahakama Kuu imefuta ndoa za utotoni. Mwingine ana kitabu cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambamo kifungu cha 13 kinasema mvulana asioe kabla ya kutimiza miaka 18 na msichana asiolewe kabla ya kutimiza 15. Miaka ikapita baada ya gazeti lile kuchapwa, serikali ikashindwa hadi kwenye rufaa mwaka 2019, na kitabu kikaendelea kusomeka vilevile.

Hakuna aliyedanganya hapo. Tatizo limo katika kitenzi cha gazeti. Majaji wana vitenzi vyao, na kila kimoja kina kazi yake. Ukikibadilisha ili kichwa cha habari kipendeze, umebadilisha na hukumu. Kisa hiki ni mfano mzuri kuliko wote ninaoujua wa jinsi neno moja la kisheria linavyoweza kuwagawa watu kwa miaka, kwa sababu maneno yanayohusika ni yaleyale ambayo mtu wa kawaida hukutana nayo katika talaka, mirathi na kesi za viwanja: ridhaa, batili, amri, rufaa, kutupwa.

Habari kwa ufupi ni hii. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana na mwanzilishi wa Msichana Initiative, alikwenda Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, akidai vinakwenda kinyume cha Katiba. Upande wa pili alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tarehe 8 Julai 2016 Gyumi akashinda. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, ambayo juu yake hakuna mahakama nyingine nchini, ikaitupa rufaa hiyo. Mtu akishinda mara mbili namna hiyo, ungetarajia sheria ibadilike kesho yake.

Vifungu vyenyewe

Tuvisome kwanza. Kifungu cha 13 kina vipande viwili, na wengi wanakijua kimoja tu, kile cha 18 kwa 15. Kipande cha pili kinairuhusu mahakama kutoa kibali cha ndoa hata chini ya umri huo, mradi kila mmoja awe ametimiza miaka 14 na mahakama iridhike kwamba kuna mazingira ya pekee. Kifungu cha 17 kinasema msichana ambaye hajatimiza miaka 18 apate ridhaa ya baba yake kabla ya kuolewa; baba akiwa amefariki, ya mama; wote wawili wakiwa wamefariki, ya mlezi.

Ridhaa ni kukubali kwa hiari, ukijua unachokikubali. Katika sheria hiihii inadaiwa kwa watu tofauti. Kifungu cha 16 kinataka ridhaa ya waoanaji wenyewe, iliyo huru na ya hiari. Ile ya baba katika kifungu cha 17 ni nyongeza juu yake, haichukui nafasi yake. Kwenye vikao vya mahari jambo hili hupotea kabisa: mshenga anauliza, baba anajibu, wazee wanapokea, na binti yuko jikoni anachambua mchele. Sheria ya 1971, pamoja na ubovu wake wote, haikuwahi kuruhusu binti aitikiwe na mtu mwingine.

Ukitoka kwenye Sheria ya Ndoa ukaingia kwenye Kanuni ya Adhabu, neno hilohilo linakufa. Kwa marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kifungu cha 130 kinahesabu kuwa ni ubakaji mwanamume kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18, awe amekubali au hakukubali. Ridhaa haiulizwi. Isipokuwa, na hapo ndipo palipo na tundu, msichana huyo awe ni mke wake, awe ametimiza miaka 15, na wawe hawajatengana. Kwa hiyo tendo moja, kwa binti mmoja wa miaka 16, ni kosa la jinai siku ya Ijumaa na ni unyumba siku ya Jumapili, ikiwa Jumamosi imefungwa ndoa. Ukitaka kujua kwa nini watu walihangaika na kifungu cha 13 wakati sheria nyingine zilikuwa tayari zimetamka 18, sababu ni hiyo: kifungu cha 13 kilikuwa mlango wa kutokea.

Kuna maneno mengine mawili ndani ya sheria hii ambayo watu huyachanganya, nayo ni batili na batilika. Binti wa miaka 14 akiozwa bila kibali cha mahakama, ndoa hiyo ni batili. Kisheria haikuwahi kuwepo, hata kama kulikuwa na mahari, shela na picha. Binti wa miaka 16 akiolewa bila ridhaa inayotakiwa na kifungu cha 17, ndoa yake ni batilika: ipo, na itaendelea kuwepo, mpaka mahakama iombwe kuitengua na ione kwamba kuna sababu ya kutosha. Tofauti hiyo ina uzito. Kwenye batilika, mtu akinyamaza, ndoa inasimama. Na katika mazingira ya kisa hiki, anayepaswa kuacha kunyamaza ni mtoto aliyeolewa, au mzazi aliyepitwa pembeni.

Neno la haraka kuhusu umri wa sheria yenyewe. Ilitungwa kufuatia Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969, ambao ulilenga kuziweka ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za serikali chini ya sheria moja. Lilikuwa jambo kubwa kwa wakati wake, na miaka 15 ilikuwa maafikiano. Wakati huo Katiba haikuwa na orodha ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984. Kifungu cha 13 kilizaliwa kabla ya kipimo ambacho baadaye kilipimwa nacho. Na sheria yote hii ni ya Bara. Zanzibar haihusiki nayo.

Nani alikuwa anamshtaki nani?

Jibu ni kwamba hakuna aliyeshtakiwa. Kushtakiwa ni neno la jinai, pale Jamhuri inapomfikisha mtu mahakamani ili akipatikana na hatia aadhibiwe. Katika madai hakuna mshtakiwa, kuna mdai na mdaiwa, na kinachogombewa ni fedha, mali, mkataba, fidia. Shauri la Gyumi lilikuwa la kikatiba. Ndani yake kuna mleta maombi, anayesema sheria fulani inavunja Katiba, na mjibu maombi, ambaye ni Mwanasheria Mkuu. Huyu haitwi kwa sababu ametenda kosa. Anaitwa kwa kuwa ndiye mshauri mkuu wa serikali kisheria na ndiye anayeitetea sheria ya nchi inapopingwa. Majaji hukaa watatu.

Ushahidi katika mashauri ya namna hii kwa kawaida huja kwa karatasi iitwayo hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mtu ameyaandika na kuyaapia mbele ya kamishna wa viapo. Upande wa pili hujibu kwa kiapo kinzani. Hakuna cha ajabu humo, ila kumbuka kwamba kuongopa kwenye kiapo cha maandishi ni kosa kama kuongopa kizimbani. Wapo wanaosaini viapo vya kupoteza kitambulisho na vya majina kufanana kana kwamba ni fomu za kujiunga na kikundi cha vikoba.

Swali la maana zaidi lilikuwa hili: Gyumi anahusikaje? Hakuja mahakamani kama bibi harusi wa miaka 15 anayelalamikia ndoa yake. Alikuja kama raia. Wanasheria huliita jambo hili haki ya kusimama mahakamani, yaani kama wewe ndiye mtu ambaye sheria inamruhusu kulileta shauri hili. Katika kesi ya kiwanja, jirani hawezi kudai kiwanja chako kwa niaba yako kwa sababu tu amekuonea huruma. Katika mambo ya Katiba mlango ulikuwa mpana zaidi. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria za nchi zinahifadhiwa. (Katiba ina ibara, sheria zina vifungu, anayesema "kifungu cha 13 cha Katiba" anaeleweka, lakini katika kisa hiki atawapoteza watu, maana Ibara ya 13 ndiyo iliyokiangusha kifungu cha 13.)

Ubaguzi, na hoja ya serikali ambayo haikuwa ya kipuuzi

Ibara ya 13 ya Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, inakataza sheria kuweka sharti lolote la kibaguzi, na inapoeleza ubaguzi ni nini inataja jinsia. Kwa lugha nyepesi, kubagua ni kuwatendea watu tofauti kwa sababu ya walivyo, huku kundi moja likiwekewa mipaka ambayo kundi lingine halina. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa kilimwekea mvulana ulinzi wa miaka mitatu ambao msichana hakupewa. Kifungu cha 17 kikamweka binti wa miaka 16 chini ya uamuzi wa baba, na hakuna mvulana wa miaka 16 aliyewekwa hapo kwa kuwa haruhusiwi kuoa bila kibali cha mahakama.

Serikali ilijitetea, na katika rufaa hoja zake zilionekana wazi. Mojawapo ilikuwa kwamba umri ule ulizingatia maumbile, kwamba msichana hupevuka mapema. Nyingine ilikuwa kwamba sheria ya 1971 iliweka maafikiano kati ya mila, dini na serikali, na maafikiano hayavunjwi na upande mmoja. Kwa maoni yangu hoja yenye nguvu zaidi ilikuwa ya tatu, ile ya maana ya neno mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18. Mahakama Kuu iliitegemea. Serikali ikasema: umri wa utoto na umri wa kuoa si kitu kimoja, na Mahakama Kuu ilikosea kuvilinganisha.

Mwanasheria yeyote angesimama kidogo hapo. Kila sheria ina sehemu ya tafsiri mwanzoni, na maneno yaliyofafanuliwa pale yanafafanuliwa kwa ajili ya sheria hiyo. "Mshahara" katika sheria ya kodi unaweza kuwa na maana pana kuliko katika sheria ya kazi. Huwezi kubeba tafsiri kutoka kitabu kimoja ukaibandika kwenye kingine bila kueleza kwa nini. Anayesoma mkataba wa mkopo au wa bima na azingatie hili, kwa sababu ndipo watu wanapoumia: neno linalojulikana mtaani limepewa maana nyingine ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyeusoma.

Hoja hiyo haikutosha kuiokoa serikali, na sababu inaonekana ukirudi kwenye lalamiko lenyewe. Gyumi alikuwa analalamikia pengo kati ya mvulana na msichana. Hata ukiiweka Sheria ya Mtoto pembeni, pengo linabaki. Sheria ya Mtoto ilihitajika kwa swali la baadaye: ukishasema wawe sawa, wawe sawa kwenye ngapi? Mtu angeweza kulifuta pengo kwa kumshusha mvulana hadi 15, na usawa ungepatikana. Kilichoelekeza kwenye 18 ni uzito wa sheria nyingine na wa mikataba. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto na Itifaki ya Maputo kuhusu haki za wanawake, zote zinataja miaka 18 kuwa umri wa chini wa ndoa, na Tanzania imeziridhia zote mbili.

Kuridhia mkataba ni hatua inayokuja baada ya kusaini. Waziri anaposaini, nchi inaonyesha nia. Bunge linaporidhia, nchi inajifunga. Hata hivyo kwa Tanzania mkataba ulioridhiwa haugeuki papo hapo kuwa sheria unayoweza kumshtakia jirani. Unahitaji kutungiwa sheria ya ndani. Majaji hata hivyo wanaweza kuutazama wanapotafuta maana ya sheria zilizopo, na katika rufaa hii Mahakama ya Rufani ilifanya hivyo. Kuhusu mila na dini, jibu lilikuwa jepesi kuliko mjadala uliokuwa ukiendelea mitaani: sheria ya nchi ilishakataza siku nyingi mahakama kutumia mila au sheria za Kiislamu katika jambo ambalo Sheria ya Ndoa imelipangia utaratibu.

Amri ambayo watu waliisoma vibaya

Sasa tufike mahali penyewe. Mahakama Kuu ilipokubali kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ilikuwa na njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutamka kwamba vifungu hivyo ni batili. Ibara ya 64(5) ya Katiba inasema sheria yoyote inayokiuka Katiba ni batili kwa kiasi cha ukiukaji huo. Neno "kwa kiasi" halikuwekwa kupamba. Maana yake sheria nzima haifi, kinakufa kile kipande kinachogongana. Hiyo ndiyo njia ambayo watu wengi huwa nayo kichwani wanaposema mahakama imefuta. Zimbabwe waliifuata. Tarehe 20 Januari 2016 Mahakama ya Katiba ya huko ilitamka kwamba kuanzia siku hiyohiyo hakuna mtu wa chini ya miaka 18 anayeweza kufunga ndoa ya aina yoyote. Hakuna aliyesubiri Bunge.

Njia ya pili iko katika Ibara ya 30(5) ya Katiba yetu, na imerudiwa katika Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Hapo Mahakama Kuu, ikiona yafaa, badala ya kutamka kwamba sheria ni batili, inaweza kuipa serikali nafasi ya kurekebisha kasoro ndani ya muda itakaoutaja. Mahakama Kuu ilichagua njia hii. Iliiagiza serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu, kurekebisha kasoro za vifungu vya 13 na 17 ndani ya mwaka mmoja na kuweka miaka 18 kuwa umri wa kuoa na kuolewa kwa wote.

Kwa hiyo siku ile ya Julai, mahakama haikufuta kitu. Ilitamka kwamba vifungu vina kasoro ya kikatiba, kisha ikatoa amri kwa serikali. Hayo ni mambo mawili, na ndani ya hukumu yoyote inafaa kuyatafuta kila moja peke yake. Hukumu ni ule uamuzi pamoja na sababu zake, kurasa nyingi za nani alisema nini na kwa nini jaji amekubali au kukataa. Amri ni zile sentensi chache za mwisho zinazosema nani afanye nini, lini. Mtu aliyeshinda hujivunia hukumu. Kinachomlisha ni amri. Nimeona watu wakiwa na nakala za hukumu za mirathi wanazozisoma kwa fahari ukurasa hadi ukurasa, na ukifika mwisho unakuta amri inamtaka msimamizi wa mirathi afanye jambo ambalo hakuna aliyemkumbusha kulifanya.

Katika muda wa mwaka huo, vifungu vile vilikuwa na hali gani? Ni kama mpangaji aliyepewa notisi. Bado anakaa kwenye nyumba kihalali, hakuna wa kumtolea vitu nje, lakini kila mtu anajua tarehe imewekwa. Ibara ya 30(5) inasema hivyo waziwazi: sheria itahesabiwa kuwa halali hadi irekebishwe, au hadi muda uliowekwa uishe, kwa kutazama lipi linatangulia.

Isome tena sehemu ya mwisho. Hadi muda uishe. Kwa usomaji wangu, maana yake ni kwamba muda ukiisha bila marekebisho, uhalali ule wa kukopeshwa nao unakwisha, na kifungu hakina tena cha kukishikilia. Hakibaki kuwa sheria nzuri kwa sababu tu mchapaji hajakitoa kitabuni. Lakini hakimu wa Mahakama ya Mwanzo wilayani anafanya kazi na kitabu alichonacho mezani. Sheikh, padri na msajili wa ndoa hali kadhalika. Kati ya maana ya Ibara ya 30(5) na maisha ya binti wa miaka 16 kuna watu wengi ambao hawajawahi kuambiwa kwamba muda uliisha.

Rufaa, na kutupwa kwa rufaa

Mwaka ule ulipokatika Julai 2017, serikali ilikuwa kwenye rufaa. Rufaa ni kuiomba mahakama ya juu iangalie kama ya chini ilikosea. Haisikilizi kesi upya tangu mwanzo. Inasoma kumbukumbu za shauri na kujibu sababu za rufaa, yaani orodha ya makosa ambayo mrufani anadai jaji aliyafanya. Aliyekuwa mjibu maombi sasa akawa mrufani, na Gyumi akawa mjibu rufani. Majina hubadilika kufuata nani amelalamika, jambo linalowachanganya wasomaji wa hukumu kuliko kitu kingine chochote.

Wengi hudhani rufaa inagandisha kila kitu. Mashauri ya kikatiba yana kanuni yake, lakini katika shauri la kawaida la madai, kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa amri. Anayetaka isimame anaomba zuio la utekelezaji na kueleza sababu. Wanaonunua viwanja vyenye kesi huambiwa "usijali, tumekata rufaa", wakatulia, hadi dalali wa mahakama alipofika na amri mkononi.

Oktoba 2019 rufaa ikatupwa. Magazeti huandika "mahakama yatupa kesi" kwa mambo mawili yasiyofanana. Shauri likitupwa kwa maana halisi, limesikilizwa, likapimwa, likashindwa. Aliyeshindwa hawezi kulirudisha palepale. Shauri likiondoshwa mahakamani, limekutwa na kasoro ya utaratibu, pengine hati haikusainiwa inavyotakiwa au limepelekwa mahakama isiyo yake. Mwenye shauri anaweza kurekebisha na kurudi, ikiwa muda wa kisheria haujampita. Kwa anayesikia mdomoni tu, yote ni kushindwa. Kwa aliyeuliza swali moja zaidi, mojawapo ni kurudi nyumbani kwenda kuandaa karatasi upya. Hii ya serikali ilitupwa kwa maana halisi, na amri ya Mahakama Kuu ikabaki imesimama.

Ikafuata miaka ya maelezo kwamba suala linagusa mila na imani, na kwamba maoni ya wadau yanakusanywa. Mwaka mmoja ukapita, ukapita wa pili, ukapita wa tatu.

Kwa nini Gyumi asikaze hukumu? Kukaza hukumu ni kuiomba mahakama iitekeleze kwa nguvu: kukamata mali ya mdaiwa, kumtoa mtu kwenye nyumba, kuzuia fedha benki. Njia hizo zimetengenezwa kwa ajili ya deni na kiwanja. Amri inayoitaka serikali ipeleke muswada haina ng'ombe wa kukamatwa. Na hata serikali ikiupeleka, wanaopiga kura ni wabunge, ambao ni mhimili mwingine. Jaji hawezi kumwamuru mbunge aseme ndiyo. Hapo ndipo ilipo gharama ya njia ya pili. Mahakama iliiheshimu mipaka ya mihimili, ikaacha kalamu mikononi mwa Bunge, na kalamu ikakaa kimya. Majaji wa Harare hawakuacha kalamu.

Binti wawili wa miaka 16

Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na ni kosa kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Wapo wanaoishi na imani kwamba hiyo ilimaliza kazi.

Tuseme kuna binti wawili wa kijiji kimoja, wote miaka 16. Mmoja yuko kidato cha pili. Anayemuoa anakabiliwa na miaka 30 jela. Mwenzake alimaliza darasa la saba na hakuendelea. Yuko nyumbani, anasaidia gengeni. Sheria ya Elimu haimjui, kwa sababu si mwanafunzi. Kanuni ya Adhabu inamlinda hadi siku ya ndoa, kisha inamwachia. Kinachobaki ni kifungu cha 13, na jibu lake linategemea kama mtu aliye mbele yake anasoma kitabu au anasoma Ibara ya 30(5). Umasikini wa familia ndio uliomtoa shule, na kutoka shule ndiko kulikomtoa kwenye ulinzi.

Anaweza kwenda mwenyewe Mahakama Kuu? Mwaka 2020 Bunge lilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Sasa anayeleta maombi ya kikatiba lazima aambatanishe kiapo kinachoeleza jinsi uvunjifu wa haki ulivyomgusa yeye binafsi. Mlango aliopitia Gyumi, wa raia anayeitetea Katiba kwa ajili ya wengine, umebanwa sana. Anayeweza kuapa bila kigugumizi kwamba kifungu cha 13 kimemgusa mwilini mwake ni binti wa miaka 16 aliyeolewa. Lakini kwa kuwa hajatimiza 18, hawezi kufungua shauri la madai kwa jina lake peke yake. Analetwa na mtu mzima anayesimama kwa niaba yake. Sheria haisemi lazima awe mzazi. Vijijini, kwa kawaida, huyo mtu mzima ni baba, yuleyule ambaye ridhaa yake ya kifungu cha 17 ndiyo iliyofungisha ndoa.